Mtoto wa Kilo Kumi na Moja

Wiki moja baada ya kumzika mama tulifungua sanduku lake la bati, lile la kijani lililokaa chini ya kitanda na ambalo utotoni tulichapwa kwa kulisogelea tu. Ikatoka harufu ya sabuni ya mche, kanga ambazo hazijawahi kuvaliwa, na gunia lililowahi kubeba kahawa mbichi. Hiyo ya gunia ndiyo iliyonishika. Nilikaa chini kabla sijaambiwa nikae.

Chini kabisa palikuwa na kadi zetu za kliniki, zimefungwa kwa uzi wa gunia. Sisi tuko wanne. Kadi zilikuwa sita. Ya tano hakuna aliyehitaji kuulizia: ilikuwa ya Skola, dada yetu aliyezaliwa baada ya kaka Ditram na kabla yangu, akaishi wiki tatu. Ya sita ilikuwa imekunjwa ndani ya hiyo ya Skola, na ndiyo iliyoleta maneno. Bosko, kitinda mimba wetu, aliusoma ukurasa wake wa juu kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Jina la mtoto: Daraja. Jina la mama: Mama Daraja. Jina la baba: Yuko Njombe."

Odilia, ambaye huko kwake mjini ni mwenyekiti wa akina mama wa parokia, alijishika kifua.

"Njombe? Mama huyuhuyu?"

"Subiri," akasema Bosko. "Uzito wa kuzaliwa: kilo kumi na moja."

"Masikini mama yangu," akasema Ditram, na nadhani alimaanisha.

Ningeweza kuwaokoa palepale. Sikuwaokoa. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Wao wamesambaa nchi nzima, na kila wakija likizo hunitania kwamba safari yangu ndefu kuliko zote ni ile ya Songea kung'oa jino, na kwamba nilirudi siku ileile nikiwa bado natema damu. Ni kweli, nilirudi siku ileile. Songea kuna kelele. Basi kwa mara ya kwanza nikawa najua kitu ambacho wasafiri hawakijui, nikawaacha wateseke kidogo. Halafu nikawaambia kwamba mwandiko ule wa wino wa bluu, ulioegemea kushoto kama mahindi baada ya upepo, ni wangu. Nilikuwa na miaka tisa. Na Daraja alikuwa punda.

Nyie tuliokua wote mnakumbuka redio ilipoanza kusema soko limekuwa huria. Mimi nilidhani Huria ni mtu, tena mkubwa sana serikalini, kwa sababu kila kilichobadilika kijijini watu walisema ni yeye. Lori la ushirika lililokuwa likipanda hadi ghalani kwetu, huku juu Mkumbi, likaacha kupanda. Wakaja wanunuzi wapya wenye magari mazuri yasiyopenda matope, wakaweka mizani yao kule chini barabarani, mwendo wa saa mbili kushuka na saa tatu kupanda. Kahawa ikaanza kushuka juu ya vichwa vya akina mama. Akina baba walitangulia mbele, wamebeba mazungumzo ya bei.

Baba yangu hakuwa mvivu, alipenda tu kuwaza akiwa amekaa. Alimwona mama akirudi jioni moja, shingo imekakamaa hawezi hata kugeuka kumwangalia anayemsalimia, akawaza kwa wiki mbili. Kisha akapotea siku kadhaa na kurudi na punda jike aliyemnunua kwa mtu wa Njombe. Alikuwa wa rangi ya majivu, ana masikio marefu yasiyosikilizana, moja mbele moja nyuma. Kijiji kizima kilikuja. Tulikuwa tumemwona punda kwenye picha za Jumapili ya Matawi tu, na kuna mama mmoja, sitamtaja maana wajukuu wake wananiuzia mkaa, alipiga ishara ya msalaba. Baba akampa jina la Huria. Hapo ndipo nilipojua kumbe Huria si mtu.

"Muuzaji kaniambia ana wa ndani," baba akatangaza. "Kapandwa mwezi jana."

Hapo sasa ndipo palipoanza matatizo, kwa sababu sisi Wamatengo tunajua kuhesabu mimba za wanyama wetu. Mbuzi ni miezi mitano. Ng'ombe ni tisa. Ya punda hakuna aliyewahi kuihesabu, na yule muuzaji hakuulizwa. Baba aliona aibu kuuliza kitu ambacho mwanamume mwenye mali anatakiwa awe anakijua. Bibi, mama yake baba, alihesabu kwa mbuzi. Baba alihesabu kwa ng'ombe. Mwezi wa tano ulipopita bibi akasema punda ni tasa. Mwezi wa tisa ulipopita baba akanyamaza, na kunyamaza kwa baba kulikuwa kubaya kuliko kusema kwa bibi. Mwezi wa kumi na moja tulishaanza kuchuma kahawa nyingine, tumbo la Huria limetanda huku na huku kama mtumbwi, na baba akatoa hukumu.

"Hakuna mtoto humo. Ni majani. Anakula kutwa, hafanyi kazi, unategemea nini? Kesho abebe magunia mawili kama punda wenzake."

Mama alikuwa anamenya kahawa kwa ile mashine ya mkono. Hakuacha kuzungusha.

"Kesho habebi."

"Mama Ditram, mimi nimemnunua huyu."

"Na mimi nimebeba watoto watano. Nimemwekea mkono tumboni asubuhi, akanipiga teke kutoka ndani. Majani hayapigi teke, Baba Ditram."

Kesho yake asubuhi mama alijitwisha gunia mwenyewe, akamshika Huria kamba, wakashuka wote wawili. Mama na mzigo kichwani, punda mtupu pembeni yake, anatembezwa ili miguu isivimbe. Nilikuwa nyuma yao na kikapu changu, na nilisikia kila kilichosemwa kutoka kwenye ngoro, yale mashimo tunayolimia mlimani, ambako watu walikuwa wakipalilia.

"Mama Ditram! Huyo punda anakusindikiza?"

"Mwonee huruma, mpe na yeye kanga!"

"Jamani, leo kiongozi nani na mtumishi nani?"

Mama akajibu bila kugeuza shingo, maana hangeweza: "Mkishika mimba na nyie nitawabebea!" Na wale waliocheka walikuwa wanaume, basi wakainama kwenye majembe yao.

Mimi niliona aibu, nisiwadanganye. Nilibaki nyuma zaidi ili watu wadhani niko na msafara mwingine. Nimeona mambo mengi tangu siku ile, kwenye televisheni hasa, lakini sijaona tena mtu aliyebeba mzigo wa mwingine namna ile, tena wa mnyama, mbele ya kijiji kizima kinachocheka. Alifanya hivyo mara tatu kwa wiki hadi wiki ya nne.

Kuna jambo moja nililificha. Maganda mekundu ya kahawa yanayotoka kwenye mashine ni matamu, na Huria aliyapenda, na mimi nilipenda kupendwa na Huria. Nilimpelekea kila jioni kwa siri. Kwa siri, kwa sababu bibi alishatuambia mbuzi akila maganda ya kahawa kwato zake zinaoza. Leo najua alisema hivyo ili tusicheze kwenye shimo la maganda. Wakati ule kila neno la bibi lilikuwa sheria, na mimi nilikuwa mvunja sheria mwenye mapenzi.

Asubuhi moja ya baridi, ukungu haujaondoka, mama aliinama chini ya tumbo la Huria na kukawia kuinuka. Kwenye chuchu palikuwa na matone yaliyoganda, ya manjano, kama nta inayoshuka kwenye mshumaa.

"Leo," akasema. "Kandida, shuleni huendi."

Baba alikuwa ameshashuka kijiji cha Ruanda msibani. Mama alimtoa Bosko mgongoni, akamkabidhi kwa Odilia ambaye naye alikuwa wa kukabidhiwa kwa mtu, akafagia zizi mpaka likawa safi kuliko jikoni kwetu, akatandaza majani makavu ya migomba. Huria akalala, akainuka, akalala tena. Alitoka jasho kwenye baridi ile. Maji yakamwagika kwa kishindo, kikafuata kitu cheupe kinachong'aa kama mfuko, na ndani ya mfuko mguu mmoja mwembamba na ncha ya pua. Nikapiga makofi.

"Usipige makofi," akasema mama. "Mguu mmoja. Wa pili uko wapi?"

Mama hakuwahi kuzalisha punda. Alikuwa amezalisha mbuzi, na mara mbili alimsaidia mkunga kwa majirani, basi. Alikunja mkono wa gauni, akanawa kwa sabuni ya mche hadi juu ya kiwiko, povu akaliacha bila kulisuuza, na akaniweka mimi kichwani kwa Huria.

"Shika kamba. Mwimbie."

"Nimwimbie nini?"

"Chochote! Akisikia sauti hatasimama."

Nyimbo zote duniani zilinitoka kichwani isipokuwa wimbo wa taifa. Nikaimba wimbo wa taifa. Na kwa kuwa tulifundishwa kuuimba tumesimama wima, mikono imenyooka, niliachia kamba nikasimama wima. Mama alinitupia jicho ambalo bado naliona nikifunga yangu. Nikaishika tena.

Alisubiri Huria apumzike kusukuma, akakirudisha kile kimguu ndani taratibu, kidogo tu, kupata nafasi. Uso wake ulikuwa umegeukia kwangu lakini hakuwa ananiona. Alikuwa anaona kwa vidole. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Baadaye niliambiwa alikuwa anataja alichokuwa anakishika, kimoja kimoja, asipotee: shingo, bega, goti. Goti lilikuwa limekunjwa. Aliikusanya kwato kwenye kiganja chake ili isimchane Huria ndani, akaileta mbele. Nikaona bega la mama likishuka. Miguu miwili sasa, mmoja umetangulia mwenzake kidogo, na pua katikati kama mtu anayepiga mbizi.

"Sukuma sasa, mwanangu," akasema. Sijui kama alikuwa anamwambia Huria au mimi; nilisukuma na mimi.

Alizungushia kitambaa kwenye vile vimiguu, akavuta kila Huria aliposukuma na kuacha kila alipoacha, kuelekea chini, si kuelekea kwake. Mabega yakapita. Vingine vyote vilikuja kwa mkupuo, na kilichoangukia kwenye majani ya migomba kilikuwa cheusi, kimelowa, masikio matupu, na hakikupumua.

Mama alipasua mfuko usoni pa kitoto, akaingiza kidole puani na mdomoni, akatoa utelezi. Akaangalia huku na huku kutafuta cha kumfutia. Gunia lililokuwa karibu lilikuwa jipya, lile ambalo wanunuzi walitugawia, moja tu, na baba alilitundika ukutani kama picha. Mama akalichomoa. Akamsugua mbavu kwa gunia la baba kwa nguvu kama anayesugua sufuria lililoungua. Akasugua, akasugua. Kikapiga chafya. Mama akakaa kitako kwenye maji na majani, akacheka peke yake, kicheko kidogo cha pumzi. Kitovu kilipokatika chenyewe akakipaka ile dawa ya zambarau ya vidonda.

Ndipo nilipoona miguu ya kile kitoto.

Chini ya kila kwato palikuwa na vitu laini, vya manjano, vimejikunja kama vidole. Vingi. Kwenye miguu yote minne. Nilijua hapohapo: maganda. Nimeozesha kwato za mtoto akiwa bado tumboni. Nililia kwa sauti, na kilio changu ndicho kilichomleta bibi. Alichungulia zizini, akashika mdomo.

"Kina vidole! Kina vidole kama mtu!"

Sijui mtu anafanyaje ili habari ivuke mabonde mawili kabla ya saa nne asubuhi, lakini ilivuka. Watu walianza kufika kuangalia punda aliyezaa kitoto chenye vidole. Wengine waliacha majembe shambani. Mmoja alihesabu: ishirini na vinne. Mwingine akahesabu: ishirini na sita. Wakabishana. Mimi nilimvuta mama pembeni, nikakiri dhambi yangu yote, maganda, siri, jioni kwa jioni, nikasema nichapwe.

Mama hakujua vile vitu ni nini, kama ambavyo hakuna aliyejua.

"Maganda amekula mama yake. Yeye amekula nini? Bado hajala. Hilo ndilo tulilie."

Na kweli, hilo ndilo lilikuwa jambo. Jua lilikuwa limepanda. Kile kitoto kilisimama kwa vidole vyake, kikaanguka, kikasimama, kikaanza kutafuta ziwa kila mahali lisipokuwepo: kwenye nguzo, kwenye ukuta, kwenye sketi yangu. Kikifika penyewe, Huria alipiga teke; ziwa lilikuwa limejaa na linauma. Kikaanza kuchoka. Masikio yakalala. Kikakaa chini na hakikutaka tena kuinuka.

Mama akampa Huria kiganja cha chumvi, akamwegemea ubavuni kwa uzito wake wote, akakamua. Kwenye bakuli yakatoka maziwa mazito, ya manjano.

"Hayo mwageni," akasema bibi kutoka mlangoni. Alisema kwa Kimatengo, kwa upole, kama anayeelekeza jambo ambalo kila mwanamke analijua. "Ni machafu, yamekaa miezi yote hiyo. Mwageni chini. Kipikieni uji mwepesi mpaka yaje meupe."

Kliniki, ambako mama alimpeleka Bosko kila mwezi, nesi alikuwa na picha kubwa ya mama ananyonyesha, na alikuwa anasema kila mara, mpaka watoto tuliofuatana na mama zetu tulijua kwa moyo, kwamba yale ya manjano ndiyo ya kwanza kabisa mtoto apewe. Akina mama waliitikia ndiyo dada, na wakifika nyumbani, kwa mama wakwe zao, walimwaga. Mama yangu hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe. Sijawahi kumsikia, si kabla wala baada. Alisimama na bakuli mkononi, watu wote mlangoni wanaangalia, povu limemkaukia mkononi.

"Mama," akasema, naye kwa upole. "Ya Skola tulimwaga."

Basi. Bibi aliliangalia lile bakuli. Mimi nilikuwa simjui Skola zaidi ya jina lake katika sala za jioni, nikadhani wanazungumzia uji. Kisha bibi aliingia zizini, yeye mwenyewe, na magoti yake yanayouma, akapiga goti kwenye majani na kukipakata kichwa cha kile kitoto.

"Lete hapa," akasema.

Mama alichovya kidole kwenye bakuli, akakiweka kinywani mwa kitoto. Hakikufanya kitu. Akachovya tena. Bibi akakikandakanda koo kwa kidole gumba, akikiita kwa majina ambayo alikuwa akituita sisi tukiwa na homa. Mara ya tano au ya sita, kikanyonya kile kidole. Mama akashusha kidole polepole ndani ya bakuli, na kitoto kikafuata kidole mpaka maziwa yakakifika puani, kikapiga chafya, kikanyonya tena. Lilipoisha la kwanza akakamua la pili. Baada ya la pili masikio yalisimama, moja mbele moja nyuma. Na Huria, ziwa limelegea, hakupiga teke tena. Watu mlangoni walikuwa kimya kabisa, na kwa kuwa mimi siwezi kuvumilia ukimya, nikamalizia ubeti wa pili wa wimbo wa taifa. Wengine wakavua kofia.

Baba alifika alasiri. Alisimama mlangoni pa zizi, akamwona mtoto, akaliona gunia lake.

"Mimi nilisema ni majani," akasema, kwa sauti ndogo.

"Ndiyo," akasema mama. "Yameota miguu."

Vile vidole? Kufikia jioni, kwa kutembea tu, vilikuwa vimeisha vyote, vimelika kama sabuni, na chini yake palikuwa na kwato nyeusi, ngumu, nzima. Nilizikagua zote nne kwa kibatari. Kesho yake wakaja wa vijiji vya mbali, waliochelewa kusikia, wakakuta punda wa kawaida. Waliofika mapema waliapa, waliochelewa wakawaita waongo, na nawajua wazee wawili ambao mpaka leo hawakai benchi moja kwa sababu ya vidole vya Daraja.

Jina alilipata siku ya pili. Yule karani wa ghala la ushirika, Mzee Kasian, alikuwa bado anafungua ghala kila asubuhi ingawa halikuwa na kitu, anafuta mzani mkubwa kwa kitambaa, anakaa kando yake mpaka saa tisa, anafunga. Mama alijua hilo. Akasema mtoto lazima apimwe, na mimi nikambeba ndani ya gunia, kichwa nje.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umeniletea nini, mama mdogo?"

"Mtoto wa Huria."

Mzee Kasian alivaa koti lake. Nasema kweli, alivaa koti. Alinipima mimi kwanza, kisha mimi nimempakata punda, akatoa kwa kalamu kwenye daftari lake kama zamani.

"Kilo kumi na moja. Wewe Kandida ishirini na tatu, tukiondoa uchafu." Akamzunguka yule mtoto, akamshika manyoya baina ya vidole viwili kama anavyoshika punje. "Amekauka vizuri. Hana harufu. Huyu ni daraja la kwanza."

Ndiyo sababu ya jina. Kadi ilikuwa moja kati ya mbili zilizogandana siku mama alipopewa ya Bosko. Nilijaza nilichojua. Kwenye baba niliandika Yuko Njombe, na hapo nilikuwa mkweli. Kilo kumi na moja ilipita mistari yote ya mchoro. Kwa mujibu wa serikali, Daraja alizaliwa na mwaka mmoja na nusu. Nilimpima mara mbili tena, kisha nikachoka, kama watoto wanavyochoka, kadi ikapotea, nami sikuitafuta.

Haya ndiyo niliyowasimulia ndugu zangu, nao walicheka mpaka Odilia akasema tuheshimu msiba. Kisha Bosko akaifungua kadi ndani, ambako hatukuwa tumefika.

Chini ya mistari yangu mitatu kulikuwa na mwandiko mwingine. Mama alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimeachana, kama anayepanda mahindi kwa vipimo. "Ameota meno." "Amekula mboga za bibi, bibi hakukasirika." "Ameanguka shimo la ngoro, mzima." "Leo amebeba debe moja, mimi nimetembea mikono mitupu." Wa mwisho: "Ameenda Lituhi na mtu wa dagaa. Nimemwambia asimpige."

Nyuma, zile kadi zetu zina mstari unaosema: Sababu za kumfuatilia mtoto huyu kwa makini. Kwenye kadi ya Skola palikuwa patupu. Kwenye kadi ya Daraja, mimi nilipaacha hivyohivyo, sikuelewa maana yake. Mama alipajaza. Ditram alisoma akarudisha kadi mezani, Odilia akasoma, Bosko akasoma, kisha wakaniletea mimi niliyebaki nyumbani, kana kwamba ni barua yangu.

"Ya huyu hatukumwaga."